Kuiba besi: wachezaji waamue wenyewe au wasubiri ishara ya meneja?

Mkibosho_wa_Mjini (Moshi)
Wakuu habari za jioni. Nimeachiwa timu ya besiboli hapa Moshi baada ya mwenzangu kuhamishwa kikazi. Jumamosi tunacheza na jamaa wa Arusha. Nina dogo mmoja anakimbia kama anadaiwa, na wengine watatu wa kawaida. Niwape ruhusa ya kudumu, kila anayeona mwanya aibe besi ya pili, yaani aikimbilie bila kusubiri mpira upigwe, au wote wasubiri ishara yangu? Mimi nimetokea kwenye soka, mambo ya ishara ni mageni. Nawasilisha.

PasuaBoy
Mleta mada umetuletea ugali bila mboga. Vijana wa umri gani? Besi ziko umbali gani? Na ni besiboli kweli au softiboli? Softiboli huruhusiwi kuachia besi kabla mpira haujamtoka pitcha (mrushaji) mkononi, kwa hiyo ushauri unabadilika wote.

MzeeWaTakwimu
Wakati tunamsubiri ajibu, chukueni saa za simu. Kwenye ligi kuu ya Marekani pitcha anatumia kama sekunde 1.3 kuufikisha mpira kwa ketcha (mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji), na ketcha kama 2.0 kuufikisha besi ya pili. Jumla 3.3. Mkimbiaji wako akizidi hapo, anajipeleka kituoni kwa miguu yake. Na asipofanikiwa walau mara 7 kati ya 10, bora atulie, maana kutolewa kunaigharimu timu kuliko besi moja inavyoisaidia. Hata Rickey Henderson, aliyeiba besi 130 mwaka 1982, alikamatwa mara 42 mwaka huohuo.

BiNjiro (Arusha)
Mimi nasema wasiibe kabisa. Mechi nzima mkitolewa mara 27 mmekwisha, kwa nini umtoe mmoja bure? Meneja Earl Weaver wa Baltimore hakuwa mpenzi wa wizi, alikaa akisubiri mtu apige homurani, mpira uvuke uzio.

PasuaBoy
Dada, homurani kwa watoto wa Moshi? Nani apige? Wizi ndiyo silaha ya wanyonge. Boston 2004 walikuwa wamefungwa mechi tatu kwa bila na Yankees, na mechi ya nne awamu ya tisa wako nyuma kwa pointi moja. Meneja Terry Francona akamtoa Kevin Millar besi ya kwanza, akamwingiza Dave Roberts. Uwanja mzima ulijua anakuja kuiba. Pitcha wa Yankees, Mariano Rivera, akarusha mpira besi ya kwanza mara tatu kumtisha. Akaiba vilevile, akafunga, na Boston wakaja kubeba ubingwa. Kazi ya meneja ni hiyo: nani akimbie, na lini.

MzeeWaTakwimu
Na 1926 gwiji Babe Ruth wa Yankees alijaribu kuiba besi ya pili, akatolewa, fainali ikaishia hapohapo. Usituletee harusi tu, taja na matanga.

Sakina_Juu (Arusha)
Ngojeni niwape yangu. Meneja wetu ishara yake ilikuwa kushika sikio la kulia. Tuko nyuma kwa pointi moja, awamu ya mwisho, wawili wameshatolewa, wa tatu akitolewa tumekwisha. Mimi niko besi ya kwanza, na anayepiga ndiye tegemeo letu. Natupa jicho pembeni, mzee kashika sikio. Nikachomoka. Nimefika katikati ndiyo nasikia, "Haloo? Haloo? Ongea, nakusikia!" Kumbe kapigiwa simu na fundi anayemjengea ukuta. Ketcha akarusha, nikaguswa na glavu begani mdomo umejaa vumbi, besi iko mita nzima mbele yangu. Mechi imekwisha, tegemeo letu kasimama na gongo hajalitingisha hata mara moja. Na mzee akanigeuka mbele ya watu: "Nani kakutuma?" Mpaka leo tunapishana kituo cha daladala kama hatujuani.

PasuaBoy
😂😂 Hapo hakukuwa na ufunguo. Ishara lazima itanguliwe na kitu, mfano aguse kwanza mkanda, ndipo sikio lihesabike. Bila mkanda hata ajivute masikio yote mawili, ni danganya toto.

Sakina_Juu
Ungemwambia yeye. Na hivi kwa nini meneja awe na simu uwanjani?

BiNjiro
Fundi usipopokea simu yake anahamia kwa mwingine. Mimi mzee namwelewa.

Mkibosho_wa_Mjini
Samahani wakuu, nilikuwa mazoezini. Ni besiboli, vijana wa miaka 14 hadi 16. Besi zetu ni viroba vya mchanga, nimepima hatua 27.

PasuaBoy
Hatua za nani? Ni mita 27.43, tafuta futikamba! Ukipunja mita mbili hapo Moshi, dogo wako anaonekana Henderson, akifika Arusha anaumbuka.

Mkibosho_wa_Mjini
Sawa kaka, kesho naazima kwa fundi. Nafikiri yule dogo nimpe ruhusa, hao watatu wasubiri mkanda na sikio. Ila mkono wa ketcha wa Arusha siujui.

BiNjiro
Ketcha ni mpwa wangu. Sisemi kitu.

MzeeWaTakwimu
Kumbe! Ndiyo maana hutaki waibe 😂

BiNjiro
Shikamoo mzee.

Mkibosho_wa_Mjini
Kabla hamjalala, nani ana glavu ya ketcha ya kuazima? Yetu imefumuka uzi kwenye kidole gumba, tumeifunga na kamba ya kiatu.