Nimelipia mpira "mubashara", goli nalisikia kwa jirani kwanza!

Wakuu, habari zenu. Nipo Masaka, Uganda, mwaka wa tisa huu. Kwetu Bukoba, ila nimeoa huku, kwa hiyo nyumba yangu ina bendera mbili. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Desemba 21, siku AFCON inaanza Morocco, nilijiunga na programu moja ya kuangalia TV kwenye kompyuta. Jina naliacha, wenyewe wanajijua. Tangazo lilijaa mbwembwe: mechi zote mubashara, bila dishi, bila fundi wa kupanda juu ya bati. Nikalipa mwezi mzima kwa pesa ya simu, nikaunganisha laptop na TV ya sebuleni, nikajiona mjanja.

Ikaja Desemba 27, Taifa Stars na Uganda Cranes kule Rabat, saa 2:30 usiku huku kwetu. Mashemeji wawili wamekuja, mke wangu kafunga rolex (chapati za kukunja na yai) za kutosha. Dakika ya ishirini na kitu picha ikaganda, kaduara kakaanza kuzunguka. Picha ikarudi, ikaganda tena. Shemeji mkubwa akasema, "Mulamu, hii sinema ya duara tumeshaiona, weka mpira."

Hilo la kuganda ningevumilia. Kilichoniua ni jirani mwenye dishi. Tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Kipindi cha pili nikasikia "aaah!" ya watu waliofiwa, na kwangu Msuva bado anaweka mpira kwenye alama ya penati. Nishangilie nini sasa? Goli langu nimeletewa kama taarifa ya msiba. Halafu Ikpeazu akasawazisha: mtaa mzima umelipuka, vuvuzela juu, kwenye skrini yangu mpira hata krosi haujapigwa. Mashemeji wakaanza kurukaruka mbele ya TV isiyoonyesha kitu.

Dakika za nyongeza Cranes wakapata penati. Okello anasogea, mashemeji wameshikana mikono, na upande wa jirani kimya, kisha mtu mmoja akatukana. Nikacheka kabla hajapiga. Akapaisha. Mpaka leo wananiuliza nilijuaje, na mmoja wao hatanii.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani na simu yenye saa ya kuhesabu, tukalinganisha chaneli moja: sekunde 43. Kijana mmoja wa kompyuta hapa mjini akanieleza kwamba video hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na programu husubiri ikusanye kadhaa ndipo ianze kuonyesha, isije ikakwama. Sawa, nimeelewa. Sasa mbona kwangu inachelewa na inakwama vilevile? Wachague moja! Na kama mnajua picha inachelewa, hilo neno "mubashara" mmelitoa wapi?

Tena hiyo picha haiji bure. Ubora wa juu unakula kama GB 3 kwa saa, na programu yao ukiiacha ijichagulie, inapanda yenyewe usiku bando likiwa jipya. Huku Uganda data ina kodi yake ya asilimia 12 tangu Julai 2021, iliyorithi ile kodi ya mitandao ya kijamii ya 2018, shilingi 200 kila siku, halafu VAT ya asilimia 18 inapanda juu yake. Yaani kwenye kila 1,000 ya data halisi unatoa kama 1,320. Na kaduara nako kanatozwa.

Huduma kwa wateja wakajibu siku ya tatu: "Mpendwa mteja, zima kisha uwashe." Nimezima, nimewasha, nimefuta, nimepakua upya. Wakaomba picha ya skrini. Kitu kinachelewa sekunde 43, picha ya skrini itaonyesha nini jamani?

Sasa sikieni kilichonifanya nifungue uzi huu. Januari 13 saa 12 jioni intaneti ikazimwa nchi nzima, siku mbili kabla ya uchaguzi. Nusu fainali zote mbili zikachezwa tarehe 14. Nilizifuata kwa redio, laptop imefungwa kama Biblia ya mgeni. Mtandao uliporudi nikafungua programu, kitu cha kwanza nilichokutana nacho: "Kifurushi chako kimebakiza siku 2." Siku za giza wamezihesabu! Nikaandika waniongezee japo hizo tu, wakajibu kwamba kukatika kwa mtandao si kosa lao. Kosa langu basi? Mimi ndiye nilizima?

Kuna mtu humu aliyewahi kurudishiwa siku zake na hizi programu? Alimwandikia nani? Na fundi wa dishi mwaminifu upande wa Masaka anielekeze, bati langu ni gumu, atapanda tu.