Je, sheria izuie kuwauzia watoto michezo ya video yenye ukatili?

Mdadisi:
Naomba maoni yenu. Muuzaji anayempa mtoto wa miaka 13 pombe au sigara huadhibiwa, na hakuna anayeshangaa. Lakini akimuuzia mchezo ambao mchezaji husonga mbele kwa kuua na kutesa, kuna nchi ambazo sheria haimgusi kabisa. Je, serikali ipige marufuku mauzo hayo, au jambo hili aachiwe mzazi?

Msomaji wa Sheria:
Swali hili liliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2005 jimbo la California lilitunga sheria iliyokataza kuwauzia au kuwakodishia watoto michezo ya aina hiyo, na faini kwa muuzaji ilikuwa hadi dola 1,000. Wafanyabiashara waliipinga mahakamani, na mwaka 2011 majaji saba dhidi ya wawili waliibatilisha. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alisema kwamba michezo ya video inalindwa na katiba kama vitabu na tamthilia, akakumbusha kuwa hata hadithi za ndugu Grimm, ambazo watoto wamesomewa kwa vizazi, zimejaa damu. Hata hivyo, wawili kati ya hao saba, Samuel Alito na John Roberts, waliikataa sheria hiyo kwa sababu tu maneno yake hayakuwa wazi, na hawakutaka kufunga mlango kwa sheria iliyoandikwa vizuri zaidi.

Mimi naona hoja yenye uzito ni ya Jaji Stephen Breyer, aliyekuwa upande wa wachache. Tangu mwaka 1968 mahakama hiyo inaruhusu majimbo kukataza kuwauzia watoto picha za utupu. Basi, aliuliza, kuna mantiki gani kumkinga mtoto asinunue picha ya mwanamke aliye uchi, kisha kumruhusu anunue mchezo ambao yeye mwenyewe anamfunga mwanamke huyo kamba na kumtesa? Sijasoma jibu la kuridhisha.

Mlezi:
Nakubaliana na marufuku, ila tusiijenge juu ya madai kwamba michezo hii huzalisha wauaji. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuihusisha michezo hiyo na vitendo vya jinai vya ukatili. Uhusiano uliopo ni mdogo, na ni wa mambo kama kufoka na kusukumana. Anayetaka sheria kwa hofu ya mauaji atashindwa na mtaalamu wa kwanza atakayeitwa kutoa ushahidi.

Muuzaji wa Zamani:
Mnajadili kaunta ya duka, na kaunta hiyo inatoweka. Marekani, ambako alama za umri zilianzishwa na wenye biashara wenyewe mwaka 1994, tume ya serikali ilikuwa ikiwatuma watoto madukani kujaribu kununua michezo ya miaka 17 na kuendelea. Mwaka 2000 asilimia 85 yao walifanikiwa. Kufikia mwaka 2011 ni asilimia 13 tu, bila sheria yoyote ya kumwadhibu muuzaji. Uingereza walichagua njia nyingine, na tangu mwaka 2012 ni kosa la jinai kumuuzia mtoto mchezo ambao alama yake ya umri ni 12, 16 au 18 ikiwa hajafikisha umri huo. Njia zote mbili zinamtegemea mtu anayemtazama mnunuzi usoni. Leo mchezo unapakuliwa, mara nyingi bila malipo, kupitia akaunti yenye tarehe ya kuzaliwa ya baba.

Mdadisi:
Nashukuru. Basi jukumu abebe nani, ikiwa muuzaji hamwoni mnunuzi? Kudai kitambulisho cha kila mchezaji nako kunamaanisha kuzikabidhi kampuni taarifa za watoto wetu.

Muuzaji wa Zamani:
Abebe mwenye duka la mtandaoni, lakini si kwa vitambulisho. Vifaa vikubwa vya michezo tayari vina mpangilio wa kumwezesha mzazi kufungua akaunti ya mtoto na kuzuia michezo kwa umri. Tatizo ni kwamba mzazi lazima autafute mwenyewe. Sheria ingeagiza kwamba kila akaunti mpya ianze ikiwa imefungwa kwa michezo ya watu wazima, hadi mtu mzima aifungue kwa namba yake ya siri. Kijana mjanja ataipata namba hiyo, sikatai, lakini hapo mzazi atakuwa ameulizwa kabla mchezo haujaingia nyumbani.