Datsun 240Z nyumbani Tabora: nifufue L24 yake, niweke L28 ya Patrol au 1G ya Grand Mark II?

mtemi_z (Tabora)
Wakuu kwema? Nina Datsun 240Z ya 1972, gari ya marehemu mzee, imekaa miaka chini ya mwembe hapa nyumbani Ipuli. Nataka niifufue mwenyewe hapahapa uani, fundi namwita pale panaponishinda tu. Hii ndo gari iliyobeba Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, sasa naumia kweli nikiona kuku wanatagia ndani. Injini ni L24 ya kuzaliwa nayo, ila imeshika, haizunguki. Naona njia tatu: ovahoo ya hiyohiyo, L28 ya zile Nissan Patrol za zamani, au 1G-FE ya Toyota Grand Mark II maana zimejaa kila kona. Ipi inalipa?

dogo_gx110
Mkuu weka 1G usijitese. Silinda sita kwenye mstari kama hiyo yako, spea zinapatikana hadi hapo mjini, na ukikosa kitu unapiga simu Gerezani kwa wauza spea wa Dar, kesho kinapandishwa basi. Kabureta mbili zile nani atakutyunia siku hizi?

mzee_wa_kabureta
Dogo nakuheshimu ila umehesabu bei ya injini tu. 1G inakuja na kompyuta yake na wayaringi yake, inataka pampu ya mafuta yenye presha kubwa na bomba la kurudisha mafuta tangini, Mark II nyingi ni otomatiki kwahiyo bado giaboksi, propela ikatwe iungwe upya, na mikono ya kushikilia injini uchomelee mipya. Halafu namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ukibadili unaenda TRA kurekebisha. Ukimaliza yote hayo una sisi (cc, ujazo wa injini) 1,988, wakati L24 ilikuwa na 2,393 tangu mwanzo!

Mimi nasema L24 kwanza. Bloki ni chuma cha kalibu, kamshafti moja juu, inaendeshwa na cheni sio mkanda. Ikionekana bloki imepasuka au silinda zimeliwa kupita kiasi hapo ndo uhamie L28, hiyo ni ukoo mmoja, sisi 2,753, giaboksi yako inakaa bila kukata kitu. Ya Patrol angalia sampu tu (beseni la oili chini ya injini), umbo lake lingine, hamisha sampu na bomba la kunyonyea oili kutoka L24, na kabureta zako mbili unazirudishia palepale. Kadi nayo usiisahau, hiyo ni injini nyingine. Hedi ni alumini, mpelekee mtu mwenye mashine aipime kama imepinda, na muulize siti za valvu maana gari za miaka ile zilitegemea petroli yenye madini ya risasi kulinda siti hizo.

fundibodi_kgm (Kigoma)
Wakuu mnagombania injini na bodi hatujaiona. 240Z inakufa kwa kutu, injini zake ni ngumu. Mtemi, fungua kipande cha bodi chenye matundu kilicho mbele ya kioo, chini ya wepa, hapo majani ya mwembe yanajaa, yanaziba njia ya maji, maji yanashukia miguuni ndani ya gari. Toa kapeti, gonga sakafu kwa bisibisi. Kagua chini ya betri (asidi inakula pale), na vyuma virefu vinavyopita chini ya sakafu. Hivyo virefu vikiwa vimeoza usinunue hata plagi kwanza.

mtemi_z
Nimefungua. Majani yamegeuka udongo kabisa, nimejaza ndoo! Sakafu upande wa dereva bisibisi imepita kama kwenye papai, upande wa pili nzima. Vyuma virefu vinagonga kavu, sauti ya chuma. Chini ya betri kuna tundu la kuingiza ngumi. Sasa nichomelee kwa gesi au umeme?

fundibodi_kgm
Vyuma vikiwa vizima una gari, hongera sana. Umeme wa vijiti kwenye bati jembamba vile utatoboa zaidi ya unavyoziba. Ukipata mashine ya MIG (ile ya waya) ni bora zaidi, ukikosa basi gesi kwa fundi mwenye mkono mwepesi, ruka ruka usifululize mstari mmoja, bati litajikunja. Kata hadi ufike chuma cheupe, weka bati la geji 20, praima pande zote mbili. Fundi akikuletea puti kufunika tundu mfukuze. Kabla ya kukata sakafu pima milango inafungaje, na weka stendi chini ya gari pande zote isije ikalala.

dogo_gx110
Kwa hayo ya TRA na propela nimeelewa, abaki na L24.

mzee_wa_kabureta
Mtemi, wakati bodi inaendelea toa plagi zote sita, mimina oili ya haidroliki kidogo kila tundu, acha ilowe siku kadhaa huku ukiongezea. Kisha zungusha kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, taratibu, mbele na nyuma. Stata usiiguse kabisa, ringi zilizoshika ukizilazimisha zinavunjika na kuchana silinda. Ikizunguka tuandikie hapa kabla hujafungua hedi, tuanze na kupima kompresheni (mgandamizo wa kila silinda).