Kuongoza tanuru la umeme: koni na swichi, kidhibiti cha dijitali, au kompyuta?

Udongo_Mweupe
Habari zenu wakuu. Nina tanuru la umeme la kuchomea vyombo vya udongo, la kufungulia juu, la mtindo wa zamani. Lina swichi tatu za chini, kati na juu, pamoja na ile swichi ya koni inayojizima koni ndogo (kijipande cha udongo maalumu) ikilainika kwa joto na kupinda. Koili (nyaya za kupasha joto) bado nzima, matofali mazima, kwa hiyo kununua jipya sioni haja. Nimechoka kwenda kugeuza swichi kila saa, na zaidi ya hapo nataka kupoza polepole, maana gleizi zangu (ule mpako wa kioo juu ya vyombo) ambazo hazitakiwi kung'aa hutoka zinang'aa. Njia ninazoziona ni tatu: kubaki nilivyo, kufunga kidhibiti cha dijitali cha ukutani, au kutumia kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na programu huria. Waliotumia zaidi ya moja waniambie tofauti halisi. Sifa za wauzaji nimeshazisoma.

MamaVyungu
Karibu. Mimi ni wa koni na swichi, na sioni aibu. Koni haipimi joto peke yake, inapima kazi ya joto, yaani nyuzi pamoja na muda. Koni 6 kubwa (namba hizi zikipanda, joto la kupinda nalo linapanda) ukiipandisha nyuzi 60 kwa saa mwishoni hupinda karibu na 1222 za Selsiasi. Ukiipandisha 150 kwa saa itasubiri hadi karibu 1240. Udongo na gleizi vinaiva hivyo hivyo. Namba kwenye skrini haikuambii hilo.

Ila kwa kupoza polepole swichi ya koni haitakufaa. Ikishaanguka, umeme umekatika. Unaweza kuibonyeza irudi na ukaendelea kwa mkono, lakini hapo koni imeshamaliza kazi yake na mlinzi wako ni ile saa ya kukata umeme muda ukiisha tu, kama tanuru lako linayo.

fundi_waya
Kidhibiti cha dijitali, bila kuzunguka. Chukua cha ukutani ambacho tanuru linachomekwa ndani yake, hutagusa waya za tanuru kabisa. Unatoboa tundu moja dogo kwenye tofali kwa ajili ya themokapo (waya za kupimia joto), basi. Programu unaipanga kwa hatua: pandisha kwa kasi fulani, shikilia, shusha.

Mambo matatu ya kuuliza kabla hujalipa. La kwanza, tanuru likichelewa nyuma ya ratiba, kidhibiti kinasimamisha saa na kulisubiri, au kinaruka kwenda hatua inayofuata? Umeme ukishuka asilimia 10, nguvu ya koili inashuka asilimia 19, kwa sababu nguvu inafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Siku ya umeme dhaifu tanuru litachelewa, hiyo usiwe na shaka nayo. La pili, umeme ukikatika ukarudi, kinaendelea kilipoachia au kinafuta kila kitu? La tatu, themokapo ikikatika kinazima koili? Vingi vinazima, lakini uliza.

Kauri_na_Kodi
Mkuu fundi_waya amesema kweli, ila vidhibiti vingi vya bei ya chini vina skrini ya tarakimu nne na vitufe vinne. Kupanga uchomaji wa hatua nane kwa vitufe hivyo ni adhabu, na kesho yake huna kumbukumbu yoyote ya kilichotokea usiku.

Raspberry Pi inakupa grafu. Mstari mmoja ni ratiba, mwingine ni joto halisi, na unaviona kwa simu ukiwa chumba kingine. Watu hudhani kompyuta inachoma kwa usahihi zaidi. Hapana, hesabu ni ile ile ya PID (inayopunguza au kuongeza nguvu kulingana na joto lilivyo mbali na lengo) iliyomo kwenye kidhibiti cha kawaida. Faida ni kumbukumbu. Koili zikizeeka ukinzani wake hupanda na nguvu hupungua, na kwenye grafu unaona mstari wa joto ukianza kuachwa na ratiba juu ya nyuzi 1100, uchomaji baada ya uchomaji. Unaagiza koili mapema, kabla tanuru halijagoma katikati ya gleizi.

Kwa kusoma themokapo tumia chipu ya MAX31856. Ile ya MAX31855 ni nzuri pia, ila kila toleo lake limefungwa kwa aina moja ya themokapo. MAX31856 unaichagulia aina ndani ya programu, na ina kichujio cha kelele za umeme wa 50 au 60 Hz.

fundi_waya
Grafu nakubali. Ninachokataa ni kuiachia Raspberry Pi usiku kucha rilei (swichi inayoongozwa na umeme mdogo) ya ampea 40 bila kitu kingine katikati. Mnapenda kuzungumza programu, hebu tuzungumze rilei.

Rilei ya kawaida inalia ta-ta-ta na sehemu zake za kugusana zinachakaa. Ya elektroniki haina kinachosogea, inadumu sana, ila inatoa joto: takriban wati 1 hadi 1.5 kwa kila ampea. Tanuru la ampea 40 linakupa wati 40 hadi 60 ndani ya kisanduku chako. Bila bati kubwa la kupozea lenye hewa, itaungua. Na ikiungua, mara nyingi inaganda ikiwa imewaka. Programu inasema zima, pini inasema zima, koili zinaendelea kuwaka. Hakuna msimbo utakaokuokoa hapo.

Kwa hiyo kabla ya rilei ya elektroniki weka kontakta kubwa (swichi ya sumaku ya umeme mkubwa), na kontakta hiyo iongozwe na kikomo cha joto kinachojitegemea, chenye themokapo yake. Isiwe ile ile ya kidhibiti.

Halafu pini za Raspberry Pi hutoa volti 3.3, na rilei nyingi za elektroniki zimeandikwa zinaanzia volti 3. Hiyo ni kuning'inia ukingoni. Weka transista, na rezista ya kuivuta pini chini ili kompyuta inapowaka isiwashe tanuru kabla programu haijaamka.

Udongo_Mweupe
Asanteni sana. Na je, nikitumia laptopu ya zamani iliyopo badala ya Raspberry Pi? Halafu themokapo naona kuna aina ya K na ya S. S bei yake inatisha.

Moto_Taratibu
Laptopu achana nayo kama ndiyo inayoamua kuwasha na kuzima. Inalala, inajisasisha, feni inavuta vumbi la udongo.

Themokapo: K inatosha kwa uchomaji wa kwanza na gleizi za joto la chini. Kikomo chake kwenye majedwali ni karibu 1260, kwa hiyo koni 6 inaingia, lakini kwa shida. Ukiichoma mara kwa mara juu ya 1200 inaoksidika, inazeeka na usomaji unahama taratibu. Kadiri inavyosoma pungufu ndivyo tanuru linavyozidisha joto, nawe skrini inakuonyesha namba ile ile ya kila siku. S ni ya platini na rodiamu, inatulia miaka, ila volti zake ni ndogo kuliko za K, kwa hiyo waya zake zipitishe mbali na za umeme mkubwa. Ukienda na K, nunua nene na uihesabu kama kitu cha kubadilishwa.

Waya wa kuunganishia lazima uwe wa aina ile ile ya themokapo, wa shaba ya kawaida utakudanganya. Na usigeuze pande. Ukigeuza mwisho mmoja, tanuru linapopanda skrini inashuka, na kidhibiti kinazidi kuwasha kikidhani kuna baridi. Kwa rangi za Kimarekani waya mwekundu wa themokapo ni hasi, mafundi wengi huponzwa na hilo.

MamaVyungu
Ndiyo maana koni haziondoki hata ukifunga mtambo wa aina gani. Weka koni tatu, 5, 6 na 7, rafu ya juu na ya chini, kila uchomaji wa gleizi. Themokapo inasoma pale ilipo tu. Koni zikionyesha umezidisha, punguza nyuzi kadhaa kwenye programu.

Tena Udongo_Mweupe, ile swichi yako ya koni usiing'oe! Acha swichi za tanuru kwenye juu, kidhibiti kiwashe na kuzima kutoka nje, na kwenye swichi ya koni weka koni ndogo ya 8. Uchomaji ukienda sawa haipindi. Rilei ikiganda, inapinda na kukata. Ya 7 inaweza kuanguka bure kama unashikilia muda mrefu kileleni.

fundi_waya
Mama umemaliza. Hicho ndicho kikomo kinachojitegemea nilichokuwa nakisema, na ameshakuwa nacho. Saa ya kukata nayo aiweke kila mara, izidi kidogo muda wa programu nzima pamoja na kupoza.

Kauri_na_Kodi
Basi kuna njia ya nne. Vipo vidhibiti vya PID vyenye mlango wa RS-485, yaani wa kuunganishwa na kompyuta kwa waya. Kidhibiti ndicho kinachoongoza rilei, kompyuta inasoma joto na kutuma ratiba tu. Kompyuta ikiganda, uchomaji hauna habari. Hata laptopu yako itafaa hapo, mradi ikae mbali na vumbi.

Udongo_Mweupe
Hiyo imenikaa. Kidhibiti chenye mlango, themokapo ya K nene kwa kuanzia, kontakta, na koni 8 kwenye swichi ya zamani. Fundi umeme atafunga upande wa umeme mkubwa. Swali la mwisho: kupoza nianze na ratiba gani?

Moto_Taratibu
Kwa koni 6, acha lishuke lenyewe hadi karibu 1040, kisha nyuzi 80 kwa saa hadi 760, halafu zima. Ikiendelea kung'aa, punguza kasi iwe 50. Badilisha kitu kimoja tu kila uchomaji, na grafu ihifadhi kwa jina la gleizi. Mfuniko usiuguse kabla ya nyuzi 100.