Silanga langu la Mambrui: naweza kupokea ndege asiyeweza tena kuruka?

MamaSilanga
Asalaam aleikum jamani. Nina shamba Mambrui, karibu na Malindi hapa Kenya, upande wa bara, na ndani yake silanga, yaani bwawa, alilochimba marehemu mume wangu kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe tulishauza, maji yamebaki. Hayakauki hata kaskazi ikikaza. Kwa hatua zangu ni 60 kwa 40, na upande mmoja umejaa yungiyungi.

Kusi lililopita nilimkuta mwari ufuoni, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo. Mshipi wa kuvulia samaki ulimzonga bawa mpaka mfupa ukavunjika. Nikaukata, nikamfunga kanga, nikamlaza banda la kuku. Nilimpa ugali, nikampa wali, hakugusa. Alfajiri ya siku ya tatu nikamkuta amekufa. Linaniuma hadi leo.

Mpwa wangu yuko Uingereza, na asema huko watu hutoa mabwawa yao kwa bata maji waliookolewa, wale weupe wa shingo ndefu. Je, nami naweza? Au hao bata maji waweza kuletwa huku?

MpwaUghaibuni
Shikamoo shangazi. Kuletwa huko, hapana. Makwao ni huku, na mabwawa yao ni ya huku huku.

Kituoni ninakojitolea kuokoa ndege tunaletewa bata maji walionaswa na mishipi kama mwari wako, waliogonga nyaya za umeme, na wengine walioona lami imelowa mvua wakadhani ni mto, wakatua juu yake. Akipona huachiwa arudi majini kwake. Aliyekatwa bawa ndiye hutafutiwa bwawa la mtu. Hapo mwenye bwawa huulizwa mengi. Ukingo una mteremko, ndege apande kwa miguu? Majani ya chini ya maji yapo pale shingo inapofika, kama mita 1? Ua wa kuzuia mbweha upo? Maji yakiganda barafu, nani atamlisha? Huulizwa pia kama pana jozi nyingine, maana jozi ikishalishika bwawa humpiga mgeni hata kumuua. Na ndege huyu hupita kilo 10, tena aweza kuishi miaka 20. Shangazi, anayekubali kumpokea amekubali miaka hiyo yote.

KijanaWaSabaki
Pole mama kwa mwari. Mimi natembeza watazamaji wa ndege pale mlangoni mwa mto Sabaki. Mwari hali ugali, humeza samaki mzima, na kwa siku hutaka karibu kilo nzima.

Ila kwanza kibali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumweka ndege wa porini hivi hivi, hata kwa huruma. Ukimpata mwingine, mfunike kichwa kwa kitambaa, mweke kivulini penye utulivu, usimtie maji mdomoni kwa nguvu, kisha wapigie watu wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, siku ile ile. Ukiwaeleza mapema kwamba una silanga, watakuja kuliona na kukwambia kama lafaa.

Tena kuna kenge. Ndege asiyeruka ni kitoweo chake, na kenge huchimba. Wavu uliosimama juu ya ardhi tu haumzuii.

MvuviNgomeni
Mama, hiyo mishipi ni yetu. Ikikatika twaiacha pale pale mchangani. Mimi sasa naitia kwenye dumu, naondoka nayo, na vijana wa chomboni kwangu nimewalazimisha wafanye hivyo. Bado hatujatosha.

MamaSilanga
Marahaba mwanangu, na ahsanteni nyote. Kesho naenda Malindi kuwaona KWS. Fundi nimemwita apime ua, nimemwambia wavu uzame chini futi mbili. Yungiyungi za upande wa mteremko nitazing'oa kidogo, ndege apate pa kupandia. Samaki nitanunua mwenyewe.

Wewe wa Ngomeni, ukipita Mambrui na dumu lako, pitia kwangu. Ule mshipi wa mwari ninao bado, nimeufunga kwenye kile kipande cha kanga. Sikuweza kuutupa.