Mjadala: Jaribio la E-Cat kule Lugano, joto lilipimwa au lilikisiwa?

Mleta mada:
Wakuu, kuna ubishi wa zaidi ya miaka kumi ambao haujazikwa. Mwitaliano Andrea Rossi anadai mtambo wake, E-Cat, hutoa joto kuliko umeme unaoingia, kwa mmenyuko wa nyuklia ndani ya unga wa nikeli, lithiamu na haidrojeni. Mwaka 2014 watafiti kutoka Bologna, Uppsala na Stockholm waliupima kwa siku 32 huko Lugano, Uswisi. Ripoti ya Oktoba ikasema gramu moja tu ya unga ilileta ziada ya joto la karibu uniti 1,500, na kwamba kilichotoka kilizidi kilichoingia mara 3.2 hadi 3.6.

Mimi siamini, na wala sijafika kwenye nyuklia. Nimekwama kwenye kamera. Joto halikupimwa kwa maji, lilisomwa kwa kamera ya mionzi ya joto iliyoelekezwa kwenye ganda la mtambo, la alumina (aina ya kauri). Kamera hiyo lazima uiambie kwanza uso ule hutoa mionzi kiasi gani, kwa kipimo cha 0 hadi 1, katika mawimbi inayoyaona yenyewe. Kwa alumina ni 0.9 hivi. Wao wakaweka kama 0.4, ambayo ni ya mawimbi yote kwa jumla. Ukiidanganya hivyo, inasoma joto la juu mno, na nguvu ya mionzi hupanda kwa kipeo cha nne cha halijoto. Waliopiga hesabu upya waliona ziada ikiyeyuka karibu yote.

Halafu mtambo mtupu, usio na unga, waliujaribu kwenye nyuzi 450 hivi. Wenye unga ukasomwa 1,260, kisha 1,400. Mizani umeikagua kwa kilo moja, unapimia gunia?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeruka majivu, yaani unga uliotolewa baada ya jaribio! Nikeli-62, isotopu (aina ya atomi) mojawapo ya nikeli, ni chini ya asilimia 4 ya nikeli ya kawaida. Kwenye majivu ilikuwa karibu asilimia 99. Kamera ndiyo iliyobadilisha isotopu?

Mleta mada:
Sijaruka, nilikuwa nakusubiri. Ripoti yenyewe inakiri Rossi alikuwepo unga ulipotiwa na ulipotolewa. Simwiti mwizi, ila nikeli-62 inauzwa, na sampuli ilikuwa miligramu chache. Tena jiulize: kama nikeli karibu yote ilishageuka, mbona joto halikuonyesha kushuka kuelekea mwisho?

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni fundi boila, fizikia yenu sijui. Kazini tunapitisha maji, tunapima yaliyoingia na yaliyotoka, basi. Siku 32 zote hizo mtu anapiga picha?

Mchangiaji wa kwanza:
Fundi, nyuzi 1,400 utazungushia maji ganda likapasuke? Na kampuni ya Industrial Heat ya Marekani walimpa Rossi zaidi ya dola milioni 11. Hao nao hawajui kuhesabu?

Mchangiaji wa pili:
Ganda unaliacha lilivyo, boksi la maji linakaa mbali kidogo kulizunguka. Joto litakwenda wapi?

Mleta mada:
Na hao Industrial Heat ndio waliotangaza mwaka 2016 kwamba kwa zaidi ya miaka mitatu walijaribu kuthibitisha madai yake wasifanikiwe. Rossi aliwashtaki Miami mwaka huohuo, akidai dola milioni 89. Julai 2017 wakamalizana wenyewe, kesi haijafika kwenye hukumu. Boksi la fundi bado halijajengwa.