Tunahubiriwa kufunga bomba, wakati visima vya wakubwa havina hata mita

Ndugu wanajukwaa, nimechoka kusomewa somo lile lile kila ukame unapoingia: funga bomba unapopiga mswaki, punguza muda wa kuoga, usioshe gari. Sina ugomvi na kufunga bomba. Ugomvi wangu ni na wanaotoa nasaha hizo, kwa sababu takwimu wanazijua kuliko mimi na bado wanaamua kuzinyamazia. Katika maji yasiyo na chumvi ambayo binadamu huyachota duniani, takriban asilimia 70 huenda kwenye kilimo, chini kidogo ya asilimia 20 huenda viwandani, na kinachosalia, zaidi kidogo ya asilimia 10, ndicho cha mijini na majumbani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si haki kumdai haba yake mwenye ndoo na kumwacha mwenye pampu.

Linalonikera kupita yote ni maji ya chini ya ardhi. Ukiondoa barafu na theluji, karibu maji yote yasiyo na chumvi tuliyo nayo yamo ardhini, katika nyufa za miamba na matabaka ya mchanga. Mito na maziwa yote kwa pamoja hayafiki asilimia 1 ya maji hayo. Hata hivyo bwawa lina alama za kina na nyumba ya mpangaji ina mita inayosomwa kila mwezi, ilhali kisima kirefu kinachonyonya usiku na mchana kwenye shamba kubwa, katika nchi nyingi, hakipimwi na mtu yeyote. Mwenye fedha za kuchimba huchota atakavyo, na jirani ambaye kisima chake kimekauka hubaki na mambo mawili tu, kuchimba chini zaidi au kuhama.

Tena mara nyingi serikali zenyewe ndizo zinazolipia uharibifu huu. Saudi Arabia, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ilitoa ruzuku nono ili ngano ilimwe jangwani kwa maji yaliyojikusanya ardhini maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi huko; ikafika hatua ya kuuza ngano nje ya nchi, na ni mwaka 2008 tu ndipo ilipoamua kuachana na mpango huo hatua kwa hatua, baada ya kuchota maji ambayo mvua za leo haziwezi kuyarudisha. India huchota maji ya ardhini mengi kuliko Marekani na China zikijumlishwa. Simlaumu mkulima wa Punjab: serikali inanunua mpunga wake kwa bei ya uhakika na haimtozi umeme wa pampu, kwa hiyo anafanya hasa kile alichoelekezwa kufanya.

Kila ninapolisema hili hujibiwa kwamba dawa ni umwagiliaji wa matone, yaani mipira inayodondosha maji kwenye mizizi ili yasipotee mferejini. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo yenye madhara. Sehemu kubwa ya maji yanayosemekana kupotea mferejini huwa yanazama ardhini au kurudi mtoni, na mtu mwingine anayatumia. Mkulima akifunga mipira ya matone bila kuwekewa ukomo wa kuchota, mara nyingi hupanua shamba au kuhamia zao linalohitaji maji mengi zaidi. Mazao yanaongezeka, naye anastahili pongezi, lakini maji yanayorudi ardhini yanapungua na kina cha visima kinaendelea kushuka. Ukomo hutangulia, kifaa kinafuata.

Na asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Katika eneo la Los Angeles, katikati ya karne ya 20, uchotaji ulizidi hadi maji ya bahari yakaanza kuingia kwenye matabaka ya maji ya kunywa, na wachotaji wenyewe wakafikishana mahakamani, wakakubali kupunguza kiasi, na msimamizi akawekwa wa kufuatilia kila mmoja anachota nini. Elinor Ostrom, aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alianza utafiti wake kwa kuchunguza jambo hilo hilo. Inauma kuona kwamba California hiyo hiyo, pamoja na utajiri wake wote, ilisubiri hadi 2014 kutunga sheria ya jimbo zima kuhusu maji ya ardhini, kisha ikawapa wahusika hadi mwanzoni mwa miaka ya 2040 kuitimiza.

Ninachodai ni kila kisima kikubwa kiwe na mita, ukomo wa kuchota uwekwe kulingana na kiasi kinachorudishwa na mvua, na usomaji wa mita hizo utangazwe hadharani. Umoja wa Mataifa ulitambua maji safi kuwa haki ya binadamu mwaka 2010, hivyo maji ya kunywa na ya nyumbani yatengwe kwanza kabla ya mwekezaji yeyote kugawiwa chake. Anayeona madai haya ni uonevu aje hapa aeleze, kwa hoja, kwa nini mita inayomfaa mpangaji wa chumba kimoja isimfae mwenye shamba.